ANAYENUNUA KIPURI CHA WIZI NDIYE MWAJIRI WA MWIZI

Katika ndege nyingi ndogo za injini moja, redio ya rubani, kifaa kinachopokea mawimbi ya setilaiti na kumwonyesha mahali alipo, na transponda inayoitambulisha ndege yake kwa waongozaji walio ardhini, vyote huwa vimesukumwa ndani ya ubao wa mbele kama mtoto wa meza anavyosukumwa ndani ya meza. Mara nyingi kinachokishika kila kimoja ni skrubu moja tu. Milango ya ndege za namna hiyo hufungwa kwa kufuli dogo, na viwanja vingi zinakolala havina ukuta. Mtu mwenye kusudi baya huingia usiku, akafanya kazi kwa dakika chache, na kabla jogoo hajawika amekwisha kuondoka na vitu ambavyo, katika ndege ya siku nyingi, huweza kuwa sehemu kubwa ya thamani ya ndege nzima.

Wizi huo umezoeleka katika nchi zenye ndege nyingi za watu binafsi, hasa Marekani na Ulaya. Kila unapotokea, watu hupiga kelele juu ya mwizi. Lakini liko swali ambalo kwa kawaida husahauliwa: mwizi huyo anataka kufanya nini na redio ya ndege? Hana ndege. Redio hiyo hailiwi wala haivaliwi, na haiwezi kumsomea taarifa ya habari sebuleni. Mikononi mwake ni sanduku la chuma lisilo na faida. Linageuka kuwa fedha siku ile tu anapotokea mtu wa pili, mwenye ndege au mwenye karakana, mtu wa heshima zake mjini, akakubali kulinunua kwa nusu ya bei bila kuuliza limetoka wapi. Huyo ndiye mwajiri. Mwizi ni kibarua wake, na ile nusu ya bei ndiyo mshahara.

KYELA NA NDEGE WAPI NA WAPI?

Wako watakaosema kwamba jambo hili haliwahusu watumishi na walimu wa Kyela, Ipinda au Matema, ambao ndege ndogo huiona ikipita juu ya migomba na mikakao yao bila kujua imetoka wapi. Hoja hiyo inapendeza kwa haraka, lakini haisimami mbele ya sura ya nchi yenyewe.

Uso wa Ziwa Nyasa uko kiasi cha mita 475 juu ya usawa wa bahari. Kaskazini yake Mlima Rungwe unakaribia mita 3,000. Mashariki, Milima ya Livingstone inasimama kama ukuta kutoka majini. Katikati limelala bonde la Kyela, moja ya sehemu zinazopata mvua nyingi sana katika Tanzania nzima, ambako mawingu hushuka chini na kufunika kila kitu. Rubani anayeondoka Uwanja wa Ndege wa Songwe, uliofunguliwa mwaka 2012, na kuvuka milima kuelekea ziwani, akiwa ndani ya wingu hauoni mlima. Anachokiona ni kipimo cha kimo kilicho mbele yake. Kipimo hicho hufanya kazi kwa kupima mgandamizo wa hewa, na ni chombo chepesi kudhurika. Kikichomolewa kwa nguvu, kikatupwa ndani ya gunia, kikasafirishwa chini ya magunia ya mchele na kisha kikapachikwa katika ndege nyingine bila kupimwa upya na fundi mwenye idhini, chaweza kumwambia rubani kwamba yuko juu ya mlima wakati yuko chini ya kilele chake. Mlima hauulizi kipimo kilinunuliwa kwa bei gani.

Wala abiria wa ndege ndogo si lazima awe tajiri anayekwenda matembezini. Mwaka 1957 madaktari Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees walianzisha huduma ya madaktari wa ndege katika Afrika Mashariki, ambayo baadaye ilikuja kujulikana kwa jina la AMREF. Msingi wa kazi yao ulikuwa vitu viwili: ndege ndogo inayoweza kutua penye nyasi, na redio iliyoziunganisha hospitali za mbali na daktari. Ondoa redio, na ile ndege inakuwa kipofu na bubu. Kwa hiyo anayeng'oa redio katika ndege ndogo hajui, na hajali, kama safari ijayo ya ndege hiyo ilikuwa ya kwenda kuwinda kwa furaha au ya kumchukua mama aliyeshindwa kujifungua.

MASHAHIDI WAWILI

Ushahidi wa mambo haya upo. Tarehe 20 Desemba 1995 ndege ya American Airlines, safari namba 965 kutoka Miami, iligonga mlima karibu na mji wa Cali, nchini Colombia. Walikufa watu 159, wakaokoka wanne. Kabla maiti hazijapoa, wakora walifika mlimani na kuchomoa vyombo vya urubani na sehemu za injini, na helikopta zikatumika kuvibeba. Vingi kati ya vitu hivyo viliibuka baadaye katika soko la magendo huko Miami, mji ule ule ambako abiria wale walianzia safari. Maana ya jambo hilo inatisha: katika mji huo walikuwako wanunuzi walio tayari kupachika katika ndege nyingine, yenye watu hai, chombo kilichopasuka mlimani pamoja na watu 159.

Shahidi wa pili ni wa mwaka 1989. Tarehe 8 Septemba ndege ya kampuni ya Partnair ya Norway, iliyokuwa ikitoka Oslo kwenda Hamburg, iliharibika mkia angani ikaanguka baharini karibu na Denmark. Watu wote 55 walikufa. Wachunguzi walikuta kwamba baadhi ya boliti zilizokuwa zimeushika mkia zilikuwa bandia, hazina uimara wa zile za kiwanda. Hapo hapakuwa na redio ya wizi. Palikuwa na tabia ile ile ya kupokea kipuri bila kuthibitisha asili yake. Kipuri cha wizi na kipuri bandia hupita katika mlango mmoja, na mlango huo ni mnunuzi asiyeuliza.

Watu wa kando ya maziwa wana sababu ya kulielewa hilo zaidi ya wengine. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyokuwa na watu 43 ilitumbukia katika Ziwa Viktoria, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Walikufa watu 19. Waliofika kwanza kuokoa walikuwa wavuvi kwa vyombo vyao. Tanzania nzima iliona siku ile kwamba, ndege inapokosea, tegemeo la kwanza la abiria ni mvuvi aliye karibu na chombo kinachokwenda. Basi wizi wa redio ya ndege na wizi wa injini ya boti si mambo mawili mbalimbali. Unaanza na mmoja kumpofusha rubani, unamalizika na mwingine kumnyang'anya mvuvi chombo cha kumwokolea.

ZIWA NDIYO BARABARA

Na hapo ndipo Kyela inapoingia moja kwa moja. Kando ya pwani ya kaskazini na mashariki ya Ziwa Nyasa viko vijiji ambavyo ziwa ndiyo barabara yao. Akina mama wa Kikisi wa Ikombe huvipeleka vyungu vyao Lyulilo kwa mtumbwi. Mgonjwa wa Lupingu hawezi kungoja meli ya ratiba. Mwalimu anayepangiwa shule chini ya milima hiyo hufika na sanduku lake ndani ya boti. Ziwa hilo si la mchezo: tarehe 30 Julai 1946 meli Vipya ilizama katika dhoruba, upande wa magharibi wa sehemu hiyo hiyo ya kaskazini, wakafa watu 145. Ikiwa meli nzima ilimezwa, mtu mwenye akili atajua nini kitaipata boti ambayo injini yake inazimika katikati ya mawimbi kwa sababu ilijengwa kwa vipande vya injini tatu zisizojulikana.

Historia ya ziwa hilo hilo inafundisha pia kwamba kukiharibia chombo uwezo wa kufanya kazi ni tendo la vita. Tarehe 13 Agosti 1914, mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, meli ya Waingereza iliyoitwa Guendolen iliikuta meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa kwa matengenezo huko Sphinxhaven, ambako leo ni Liuli. Waingereza hawakuizamisha. Waliifanya isiweze kusafiri, na hilo likatosha kuwapa uwezo juu ya ziwa. Kilichofanywa na adui wakati wa vita, kwa amri na kwa bendera, leo hufanywa usiku na raia dhidi ya raia mwenzake, kisha raia wa tatu akakinunua asubuhi kama vile amenunua samaki.

Wala ugonjwa huu hauishii katika boti. Betri ya umeme wa jua iliyokusudiwa kuwasha taa ya zahanati wakati mama anajifungua, mafuta ya transfoma yaliyokusudiwa kuipoza mitambo ya umeme, nyaya za shaba zilizokusudiwa kuongoza treni: kila kimoja kina bei kwa sababu yupo mtu aliyekwisha kutangaza, kwa kunyamaza kwake, kwamba atanunua.

UTETEZI USIO NA MIGUU

Wanunuzi wa namna hii wana utetezi wao, na yafaa usikilizwe mmoja mmoja.

Wa kwanza husema kwamba ndege binafsi ni mali ya tajiri, na aliyeiba kwa tajiri hakuiba kwa mnyonge. Hayo ni maneno ya kupe aliyevaa shati la mkulima. Redio iliyoibwa kwa tajiri haigawiwi kijijini. Inauzwa kwa tajiri mwingine, tena kwa faida ya walanguzi walio katikati. Hasara humrudia abiria kwa nauli kubwa zaidi na kwa safari ya hatari zaidi. Na soko likikwisha kusimama halichagui: mlanguzi aliyenunua jana redio ya ndege ya tajiri, leo anapokea injini ya kikundi cha wavuvi, na kesho anapokea betri ya zahanati.

Wa pili husema kwamba vipuri halali ni ghali, au havipatikani kabisa. Utetezi huu una ukweli ndani yake na haufai kudharauliwa. Watumishi wenye umri wanakumbuka miaka ya uhaba, na wanakumbuka mwaka 1983, wakati Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi na sheria maalumu ikatungwa. Walijifunza wakati ule kwamba uhaba humpa mlanguzi nguvu, na kwamba mlanguzi naye huuongeza uhaba. Ndivyo ilivyo kwa vipuri vya wizi. Wizi haukupata kuongeza katika nchi hata redio moja, hata injini moja. Umeihamisha tu kutoka tundu moja hadi tundu jingine, na kila tundu linaloachwa wazi linaleta mnunuzi mpya sokoni. Aliyeibiwa usiku huja mchana kutafuta cha kununua; huenda akauziwa chake mwenyewe. Kwa hiyo anayenunua kipuri cha wizi kwa sababu ya uhaba anafanana na mtu mwenye kiu anayetoboa mtungi wa jirani, kisha akalalamika kwamba kijijini hakuna maji.

Wa tatu husema: bima italipa. Bima hailipi kwa fedha zilizodondoka mbinguni. Hulipa kwa michango ya wote waliokata bima, na wizi ukizidi michango hupanda. Isitoshe, ni mwenye boti gani wa Ikombe au Lupingu ambaye injini yake ikiibwa hupokea hundi? Hupokea pole za majirani, kisha hurudi kwenye kasia.

Wa nne, ambaye ndiye wa hatari zaidi kwa kuwa ni msomi, husema: sikujua. Lakini Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 311, haimwulizi mpokeaji kama alijua tu. Inauliza pia kama alikuwa na sababu ya kuamini kwamba mali ile imeibwa. Injini inayouzwa gizani kwa nusu ya bei, na mtu asiye na stakabadhi, na sehemu ya namba imekwanguliwa kwa tupa, imekwisha kueleza habari zake zote. Anayesema hakujua alikuwa na macho, akaamua kuyafumba. Mtumishi wa umma au mwalimu anayefanya hivyo anabeba lawama mara mbili, maana mwananchi asiyesoma humtazama yeye ili ajue lililo halali.

DAWA NI NAMBA

Dawa ya ugonjwa huu haihitaji fedha za kigeni. Kila chombo cha urubani kinachotengenezwa kiwandani kina kibati chenye namba yake ya pekee, na kila injini ya boti vilevile. Mwizi anaweza kukibeba chombo, lakini hawezi kuibeba namba iliyokwisha kuandikwa mahali pengine. Baada ya ajali ya Cali shirika la ndege lilichapisha orodha ya kurasa 14 ya vitu vilivyopotea, pamoja na namba zake, na kuanzia hapo kila fundi mwaminifu aliyeletewa kitu alikuwa na cha kulinganisha. Ikiwa kurasa 14 zinatosha kwa ndege kubwa ya Boeing, daftari moja la mazoezi linatosha kwa boti zote za kijiji.

Daftari hilo na lifunguliwe katika ofisi ya kila mtendaji wa kijiji cha pwani, kutoka mpaka wa Songwe hadi chini ya Milima ya Livingstone: jina la mwenye injini, aina yake, namba yake, siku aliyoinunua na kwa nani. Mauzo yoyote ya injini yaandikwe hapo mbele ya mashahidi. Vikundi vya usimamizi wa uvuvi vitunze nakala. Injini isiyo katika daftari iwe na maelezo, na mwenye kuileta awe na jibu.

Mtunza bohari naye ana sehemu yake. Mali ya umma iliyochakaa inapopelekwa mnadani, namba zake ziandikwe katika hati ya mauzo moja moja. Neno "vipuri mbalimbali" katika hati ya mnada ni pazia, na nyuma ya pazia hilo betri mpya hupita pamoja na betri mbovu.

Mpakani Kasumulu, na kando ya Mto Songwe ambao wenyewe umebadili mkondo wake mara nyingi, afisa anayetazama aina na idadi tu amefanya nusu ya kazi. Mali ya wizi hupenda mpaka kwa kuwa mpaka huipa umbali kwa hatua chache. Namba ya kiwandani ndiyo lugha moja ambayo afisa wa Tanzania na mwenzake wa Malawi huisoma kwa namna ile ile. Na wabadilishane orodha za vilivyoibwa pande zote mbili.

Hata hivyo, asidhani mtu kwamba karatasi pekee inatosha. Mwaka 2023 iligunduliwa kwamba kampuni moja ya Uingereza, AOG Technics, ilikuwa imeuza vipuri vya injini za ndege kwa hati za kughushi, na mashirika makubwa yakalazimika kusimamisha ndege na kuvitoa. Waliogundua ni wale waliochukua hati na kumwuliza mwenye saini kama saini ile ni yake. Kazi hiyo haimshindi karani yeyote mwenye simu. Stakabadhi iulizwe kwa aliyeitoa, na namba iliyo katika karatasi ilinganishwe na namba iliyo katika chuma.

Walimu, kwa upande wao, wana darasa. Mtoto wa Kyela atakuwa mvuvi, dereva, fundi, mfanyabiashara wa kakao au rubani. Akifundishwa mapema kwamba kitu cha nusu bei kina nusu nyingine, na kwamba nusu hiyo imelipwa na mtu mwingine, atakuwa mnunuzi mgumu, na mbele ya mnunuzi mgumu mwizi hukosa kazi. Lakini somo hilo halitaingia ikiwa mtoto anaona juu ya paa la nyumba ya mwalimu paneli iliyotoka katika zahanati.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wakwao. Anayenunua leo injini isiyo na namba pale Itungi au Matema asidhani kwamba siku ya dhoruba ataitwa mtu wa mbali kuja kupanda boti ile. Watakaopanda ni mke wake anayekwenda hospitali, mwanawe anayerudi shule na mwalimu wa mwanawe. Kabla hajatoa fedha mfukoni, na ainame, aifute grisi, na aitafute namba. Akiikuta imekwanguliwa, aurudishe mkono wake mfukoni na aende kwa mtendaji wa kijiji.